Kiwango cha Wanawake Hakikujadiliwa

Waliokuwapo bwawani siku ile nawataja wote, kwa kazi zao, maana kazi zao ndizo walizokuja kutuonyesha. Alikuwapo bwana michezo kutoka mjini, na saa ya kupimia mbio imening'inia shingoni kama hirizi. Alikuwapo karani wake, aliyebeba ratiba ndani ya mfuko wa nailoni isilowe. Walikuwapo makarani wawili wa ofisi za Sumbawanga na polisi mmoja, na hao watatu ndio waliokuwa waogeleaji wa kiume. Alikuwapo muuguzi wa zahanati. Katibu wa kijiji chetu alikuwapo, kavaa koti. Alikuwapo mfanyabiashara mwenye lori lililowaleta, ambaye hakushuka hata mara moja. Alifunga kioo akanywa chai yake ya chupa, na kwa maoni yangu ndiye peke yake aliyekuwa na akili. Mwisho nilikuwapo mimi.

Watu wenye kazi ya maana siku ile hawakuwa bwawani. Walikuwa shambani kwangu, wakinilimia bila mimi kuwapo.

Mimi ni mkubwa wa watoto wanne. Wazazi wetu walitutoka tukiwa bado tunaishi chini, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mmoja masika haya na mwingine masika yaliyofuata. Niliacha shule darasa la sita, nikawapandisha wadogo zangu huku juu, kwenye kijiji cha ukoo wa baba, upande wa Mpui. Nyumba tulipewa, na shamba tulionyeshwa. Baba mkubwa, aliyekuwa akiishi Mwimbi na ng'ombe wake, alikuja kututazama, akakaa kwenye kigoda chetu pekee, akatoa hukumu.

"Mwanangu, umejitahidi. Lakini wewe ni msichana. Nakupa mpaka maharage yakomae. Nikija nikikuta huna shamba la kulisha midomo hii, na huna mshahara, vijana nawachukua wakachunge. Huyu mdogo wa kike ataenda kwa shangazi yenu Msanzi."

"Na mimi, baba?"

"Wewe utaolewa."

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayegawa nguo za marehemu. Nilichokuwa nacho kichwani ni kimoja tu: kwamba wale watatu hawatatawanywa nikiwa hai.

Ndipo siku moja, baada ya kazi ya shamba la kijiji, katibu akapanda juu ya kisiki akasoma tangazo. Mkoa wetu ulikuwa mpya, umetoka kukatwa juzi, na kama ilivyo kwa tajiri mpya, ulitaka kuonekana kila mahali. Kanda ilikuwa imeandaa mashindano ya kuogelea ya watu wazima wa ridhaa, na mkoa ungepeleka timu. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Huku juu Ufipa maji ni baridi, na mtu mzima akiingia bwawani huwa anamfuata ndama aliyezama.

"Kuogelea? Kwani tumekuwa bata?" aliuliza mzee mmoja.

"Ni siasa ya michezo, mzee."

"Basi aanze mwenyekiti."

Mimi sikucheka, kwa sababu katibu aliendelea kusoma. Shirika moja la umma, lililokuwa likifungua tawi mjini, lingewaajiri waogeleaji watakaofuzu ili liwe na timu yake. Kazi ya ghalani, mshahara wa kila mwezi, na chumba cha kukaa. Kijiji kizima aliyejua kuogelea nilikuwa mimi. Nilijua kabla ya kujua kusoma, na hakuna aliyenifundisha. Ziwa lilikuwa mlangoni.

Nilijiandikisha. Hapo ndipo nilipoanza kuwajua watu wale.

Kwanza niliambiwa kwamba kwenda kwenye mashindano ya kanda lazima mtu awe amefikia kiwango cha kufuzu. Kiwango hicho lazima kiwe kimepatikana katika mashindano yanayotambuliwa. Na mkoa haukuwahi kuwa na mashindano yanayotambuliwa, hata ya kuoga. Kamati ilikaa mjini kutwa nzima juu ya jambo hilo, ikala mbuzi, ikaamua kwamba yafanyike mashindano ya kujipatia kiwango, ili waliopata kiwango wakashindane. Mahali palipochaguliwa ni bwawa letu la kunyweshea ng'ombe, kwa kuwa lilikuwa na maji na lilifikika kwa lori. Muda wa kufuzu bwana michezo aliunakili kutoka kwenye kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya mabwawa ya vigae, nchi za watu. Nilipouliza kama kitabu kinajua baridi ya huku, katibu alinitazama kama nimetukana bendera.

Kisha ratiba. Siku ya kwanza kutangazwa ilikuwa Jumamosi. Nikafurahi, nikapanga mambo yangu: Jumamosi niogelee, na Jumatano inayofuata niite watu wa kulima. Shamba langu lilikuwa limesimama nyasi tupu, na ule ndio ulikuwa wakati wa ntumba, yale matuta yetu makubwa ya mviringo ambayo ndani yake tunafukia nyasi mbichi zioze, juu tunapanda maharage, na mwaka unaofuata tunayatawanya tupande ulezi. Ntumba haingoji. Mvua ikikatika nyasi hukakamaa na udongo hukataa jembe. Na mtu mmoja hawezi kupiga ntumba za kulisha watu wanne. Ni lazima uite majirani kwa pombe, nao wakija siku moja kwako, nawe unakuwa na deni la siku moja ya jembe kwa kila nyumba iliyokuja.

Nilikuwa nimekwisha kuotesha kimea na kupika. Pombe ilikuwa inachacha ndani ya mitungi, wala hakuna awezaye kuiambia pombe ya ulezi ingoje. Jumatano ingekuwa tayari. Alhamisi ingekuwa ya kumwagia nguruwe.

Jumamosi ilipofika hakuna aliyekuja bwawani. Jumatatu katibu akapita na habari kwamba lori lilikuwa na safari nyingine, hivyo mashindano yangekuwa Jumatano.

"Jumatano nina watu shambani," nikamwambia. "Hamuwezi kusogeza?"

"Ratiba ya mjini haibadiliki, dada."

"Si imebadilika sasa hivi?"

"Imebadilishwa na wahusika. Wewe si mhusika."

Nilikwenda kwa jirani yangu, mama mmoja mjane ambaye shamba lake lilipakana na letu ng'ambo ya kijito. Nilimkuta anapeta ulezi. Nilimwamkia, nikamweleza. Ugumu wenyewe aliujua kuliko mimi: kwetu mwenye pombe ndiye huchota kibuyu cha kwanza, akaonja mbele ya watu, ndipo wakashika majembe. Asipokuwapo, watu wana haki ya kugeuka na kwenda zao, na hakuna atakayewalaumu. Tena watasema yule yatima wa ziwani ametudharau.

Alimaliza kupeta ungo ule, akamimina mwingine.

"Huko bwawani wanatoa nini?"

"Kazi, mama. Mjini. Tutakaa wote wanne."

"Wamesema au wameandika?"

"Wamesoma."

"Hm." Alitema pumba. "Basi nenda kaoge na wakubwa. Nitachota mimi, nitaonja mimi. Nikianguka watajua haifai."

"Watakubali?"

"Nani atakataa pombe nikiwa nimeishika mimi? Nenda. Lakini usiniachie mpaka jioni, mimi si mkwe wao."

Kwenye ratiba wanawake walikuwa wa kwanza, saa mbili asubuhi. Nilihesabu kwamba nitaogelea, nitafuzu, nitakimbia, nitafika kabla watu hawajamaliza mtungi wa kwanza. Kabla ya saa mbili nilikuwa nimesimama ukingoni nimevaa gauni langu la zamani la shule, nimelikata na kulishona katikati ya miguu. Ukungu ulikuwa haujainuka juu ya maji. Ng'ombe walikuja wakanywa, wakaniona, wakaondoka. Jua lilikuwa limepanda sana lori lilipofika.

Waliposhuka walianza kwa kunywa chai. Kisha bwana michezo akatangaza kwamba wanaume wataanza, kwa kuwa makarani wanatakiwa kuwahi ofisini. Ofisi yenyewe ilikuwa imefungwa kwa sababu wao walikuwa bwawani, lakini hilo halikumsumbua mtu. Ratiba ilitolewa kwenye nailoni, ikapigwa mstari, ikarudishwa.

Nikasogea nikamwambia kwa adabu kwamba nina watu shambani na ningeomba nitangulie.

"Dada, kwanza hatujamaliza usajili wako," alisema. "Haya ni mashindano ya ridhaa. Umewahi kulipwa kwa kuogelea?"

"Hapana."

"Hata mara moja?"

Mimi sikulelewa kusema uongo kwa kitu kidogo. Nikasema kwamba nikiwa mtoto kule ziwani nilizamia wavu wa mtu uliokwama kwenye mwamba, akanipa samaki.

Wakatazamana. Karani akatoa kalamu.

"Samaki ni malipo," alisema karani.

"Samaki si fedha," alisema bwana michezo.

"Lakini ni mali, mzee. Angeweza kuuza."

"Uliuza?"

"Tulikula," nikasema.

"Nyumba nzima ilikula, au wewe peke yako?"

Watu wazima wawili, wenye viatu, walisimama kwenye matope ya ng'ombe wakijadili samaki niliyekula nikiwa na meno ya utoto. Huko juu ya kilima nilikuwa nasikia nyimbo za majembe zinaanza, na nilijua ni shambani kwangu. Mwishowe wakaamua kwamba samaki aliyeliwa na familia ni ujamaa, si malipo. Nikawa mtu wa ridhaa.

Wanaume wakaingia majini. Kamba za katani zilikuwa zimefungwa toka ukingo huu mpaka ule. Niliwatazama kwa makini, kwa kuwa sikuwahi kuona watu wanaojiita waogeleaji. Polisi aliruka kwa kishindo, akatoka na sauti ambayo sikutegemea polisi awe nayo, akaishika kamba katikati ya bwawa, akakaa hapo kama nguo iliyoanikwa. Karani wa kwanza aligeuka na kurudi alikotoka. Karani wa pili alikuwa mrefu, na alipogundua kwamba upande ule kina si kirefu, alitembea. Miguu ilitembea chini, mikono ilipiga maji juu, na uso aliuweka wa mtu anayeogelea. Alifika ng'ambo. Muuguzi alipiga makofi kwa huruma.

Bwana michezo alitazama saa yake akatikisa kichwa. Hakuna aliyefuzu. Kamati, yaani yeye na karani wake na katibu wetu, wakaenda nyuma ya lori. Walirudi na uamuzi: kwa kuzingatia baridi ya Ufipa, kiwango cha wanaume kimelegezwa. Kimelegezwa kiasi gani? Kiasi cha yule mrefu kufuzu na kubaki na nafasi.

Nikainua mkono. Nilikuwa nimechoka kuinua mkono.

"Na sisi wanawake mtuzingatie baridi basi. Maji ni haya haya."

"Kiwango cha wanawake hakikujadiliwa."

"Si mjadili?"

"Kikao kimefungwa."

"Kimefungwa lini?"

"Dada," alisema katibu wetu kwa ukali, "usitutie aibu mbele ya wageni."

Kisha ikaliwa mikate. Nilikaa kando na muuguzi, mama mwenye adabu aliyetoka Mbeya. Aliniambia kwamba aliletwa kwa kuwa kila idara iliagizwa kutoa mtu, na yeye alikuwa zamu ya mapumziko. Hajui kuogelea. Nyumbani ana mtoto ananyonya. Alitumbukiza kidole cha mguu majini, akakitoa, akajifunga kanga ya pili.

"Mdogo wangu, mimi humu siingii. Waniandikie barua."

Kwa hiyo nilipoitwa, niliingia peke yangu. Maji yalinibana kifua, nikangoja kidogo mpaka mwili ukubali, kisha nikaenda. Sisi wa ziwani hatupigi maji kelele. Kichwa kinakaa juu, unavuta na kusukuma kimya kimya, kwa sababu mamba husikia. Niligusa ukingo wa pili, nikageuka, nikarudi. Nilipoinuka nilimwona bwana michezo anatazama saa na mdomo uko wazi. Niliona kwa macho yangu furaha ya kweli inampita usoni, maana hata yeye alikuwa hajawahi kumwona mtu anayefikia kitu kilichoandikwa kitabuni.

Karani akamnong'oneza. Furaha ikaondoka.

"Kuna tatizo," alisema. "Ulikuwa peke yako. Mtu mmoja si mashindano. Na kiwango hupatikana kwenye mashindano."

Nilisimama pale nikichuruzika. Nilimtazama, nikamtazama karani, nikamtazama katibu aliyekuwa akitazama koti lake. Nilifikiri juu ya kuwaacha pale na nailoni yao na kwenda kupokea jembe langu. Kama ningekuwa peke yangu duniani ningekwenda. Lakini baba mkubwa alikuwa amesema shamba au mshahara, na mimi sikuwa na uhakika hata kama watu bado wako shambani.

"Mnataka watu wawili majini?" nikauliza.

"Ndiyo hivyo sheria ilivyo."

Nikamwendea muuguzi, nikapiga magoti. "Dada yangu, ingia mpaka kiunoni tu. Shika kamba. Wakisema anza, anza. Kisha toka."

Alinitazama sana. Alivua kanga ya pili, akaingia, akalia kwa sauti ambayo hata mtoto wake nyumbani angeweza kuisikia, akashika kamba.

"Ameanza?" aliuliza karani.

"Nimeanza! Andika!" alipiga kelele muuguzi. "Na sasa natoka!"

Niliogelea mara ya pili. Mapaja yalikuwa magumu kama magogo, na wakati wa kurudi mkono mmoja ulikataa. Sikuwa na hasira. Hasira ingenitia joto. Nilikuwa na dharau tu, nayo nimegundua inamfikisha mtu mbali zaidi. Niligusa.

Bwana michezo alitazama saa kwa muda mrefu, kama anayeiomba imsaidie. "Umefuzu," alisema, kwa sauti ya mtu anayetangaza kodi.

Ilinibidi nisikilize hotuba. Kisha nikamwomba mwenye lori anisogeze mpaka njia panda. Kwanza alishusha kioo kuniambia pole, kisha akaniambia kwamba siku ile lori si lake, ni la kamati, na kamati ilikwisha kujaa ndani. Mvua ilikuwa imeanza, nikakimbia nayo.

Nilipofika jua lilikuwa linaelekea kuzama na watu walikuwa wanapangusa majembe. Mteremko wote, toka nyumbani mpaka kijitoni, ulikuwa umejaa ntumba, nyeusi, zimepangana, mvuke unatoka juu yake. Sikuwahi kuona shamba zuri kama lile. Mama jirani alikuwa amekaa katikati ya mitungi mitupu, kibuyu mkononi, sauti imemkauka.

"Bata amerudi!" mmoja wao akapaza sauti, na wote wakacheka.

"Umeleta mayai?"

"Mwacheni, anatetemeka," alisema mama jirani. "Nilianguka mara mbili leo, lakini si kwa sumu."

Nilipiga magoti kwenye udongo uliolimwa, nikawashukuru nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ikajibu kwa kunitajia upande wa shamba lake ambako ingetaka nianzie. Hivyo ndivyo tunavyofanya. Nilizipokea zote.

Baada ya wiki kadhaa katibu alinisimamisha njiani. Alikuwa ameelekeza macho kwenye mti. Mashindano ya kanda yalikuwa yamefanyika. Mbio za wanawake ziliondolewa kwenye ratiba kwa kuwa mkoa mmoja tu ndio uliopeleka jina la mwanamke, na mtu mmoja si mashindano. Kazi ya shirika ilipewa yule karani mrefu, aliyetembea, ambaye tayari alikuwa na kazi.

"Lakini jina lako lilisomwa," alisema.

"Lilisomwa wapi?"

"Kikaoni."

Nilimwambia ahsante, nikaenda kulima kwa watu.

Maharage yalipokomaa baba mkubwa alikuja na mkokoteni wa ng'ombe, ametandika nyasi ndani ili watoto wakae vizuri. Alikuwa mtu wa maandalizi. Wadogo zangu walijificha nyuma ya nyumba. Alizunguka shamba lote, akapiga teke ntumba moja, haikumomonyoka. Aliinama akapasua ganda la maharage, akala moja bichi.

"Nani kakulimia hizi?"

"Watu."

"Watu gani watamlimia mtoto wa kike asiye na baba?"

"Wapo ng'ambo ya kijito na huku juu, baba. Nawalimia na mimi."

Alikaa kwenye kigoda. Aliuliza kuhusu mshahara, nikasema hakuna. Aliuliza kuhusu ulezi wa mwakani, nikamwonyesha mbegu. Alitafuta sababu nyingine na hakuipata, na mimi sikumsaidia kutafuta. Aliondoka na kikapu cha maharage ndani ya mkokoteni uliotandikwa kwa ajili ya watoto. Hakurudi tena kwa habari hiyo. Wadogo zangu wote watatu walikulia mezani kwangu, kama kile kigoda kinaweza kuitwa meza.

Nyumba zile nilizilipa msimu huo na uliofuata, siku kwa siku, jembe kwa jembe, hata zile zenye midomo. Mama jirani nilimfuata wa kwanza, akanifukuza. "Anza na hao wanaopiga kelele. Mimi nitakuwa wa mwisho, sina haraka." Nikafanya alivyosema. Kiangazi, kabla zamu yake haijafika, magari ya operesheni ya kuhamishia watu vijiji vipya yalikuja, upande wake wa kijito ukapewa amri ya kuhamia kijiji kipya mbali, njia ya Mwimbi, na upande wetu ukaachwa pale pale. Aliondoka na mitungi yake imefungwa kwa kamba, anamgombeza dereva.

Nilimfuata mwaka uliofuata na jembe begani. Alikuwa bado hajapewa shamba. Alinipa togwa nikarudi. Nilikwenda tena, nikakuta shamba lake limo ndani ya shamba la kijiji, na mtu haruhusiwi kumlimia mwingine huko. Mara ya tatu alikuwa amezeeka, halimi tena, watoto wake wanamtumia unga kutoka mjini. Alinikaribisha ndani, akacheka, akasema mimi ni mkaidi.

Siku yake moja ya jembe bado iko kwangu.